Rifu ya "Smoke on the Water" inakugomea? Anza na unachokisikia, kisha tafuta chanzo

Kati ya nyimbo za roki, huu ndio wanafunzi wengi wa gitaa la umeme huanza nao, na ndio unaowadanganya kuliko nyingine. Noti za rifu yake, yaani kile kipande kifupi kinachojirudia na kuubeba wimbo mzima, mtu anazikariri kwa dakika chache. Kisha anawasha amplifaya, anapiga, na aliye chumba cha pili anautambua wimbo lakini haamki kucheza. Kuna kitu hakijakaa sawa. Mpigaji naye hajui ni kipi, kwa hiyo anarudia vilevile, kwa nguvu zaidi, na gaini, yaani kiasi amplifaya inavyoikuza sauti hadi ikwaruze, akiwa ameipandisha.

Hapa tutaanza na dalili, yaani kile masikio yanachokisikia, kisha turudi nyuma hadi kwenye kidole, uzi au kifaa kinachokisababisha. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: kwenye wimbo huu matatizo mengi hayatokani na noti iliyopigwa. Yanatokana na mahali noti hiyo ilipokatiwa, au na kutokukatwa kabisa.

Tukubaliane kwanza tunapiga nini

Deep Purple waliutoa wimbo huu kwenye albamu yao ya Machine Head, mwaka 1972. Unasimulia moto ulioteketeza kasino ya Montreux, Uswisi, Desemba 1971, bendi ilipokuwa imekwenda huko kurekodi. Mpiga gitaa ni Ritchie Blackmore, na gitaa ni Fender Stratocaster.

Rifu iko kwenye G maina. Sauti ya juu ina noti nne tu: G, B flati, C na D flati. Chini ya kila moja kuna noti nyingine iliyo nusu toni tano (sawa na freti tano) chini yake, kwa hiyo G inaandamana na D, B flati na F, C na G, D flati na A flati. Nyuzi za D na G za gitaa (kutoka mnene hadi mwembamba nyuzi ni E, A, D, G, B, E) zimepishana kwa umbali huohuo, ndiyo maana vidole vinabonyeza freti moja, vile vyuma vinavyokatiza shingo, kwenye nyuzi zote mbili. Namba ni za freti, 0 ni uzi usiobonyezwa:

0 – 3 – 5
0 – 3 – 6 – 5
0 – 3 – 5 – 3 – 0

Kuna njia ya pili. Kila penye 0, badala ya kuziacha nyuzi za D na G wazi, unabonyeza freti ya 5 kwenye nyuzi za A na D. Sauti unazopata ni zilezile, D na G, ila sasa zote ziko chini ya kidole. Iweke njia hii akilini, itatuokoa mbele.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: jirekodi kwa simu. Ukiwa unapiga, akili iko kwenye vidole na masikio yanasamehe. Ukisikiliza rekodi ukiwa umekaa, hakuna cha kusamehe, na dalili nyingi zilizo hapa chini zitajitokeza zenyewe.

Dalili: noti ni zilezile, lakini wimbo siyo

Chunguza kwanza kama unapiga kwenye uzi mmoja. Somo la haraka linalozunguka kila mahali hufundisha 0-3-5 kwenye uzi mnene wa E. Kwa siku ya kwanza ya kushika gitaa si vibaya, ila hapo rifu inaanzia E badala ya G, na ile noti ya pili haipo. Cheza rekodi na upige pamoja nayo: kama mnagombana tangu noti ya kwanza, chanzo ni hicho.

Kama unapiga nyuzi mbili na bado mlio ni mzito kupita kiasi, tazama umbo la mkono. Wengi wanazichukua noti G, B flati na C na kuzigeuza kuwa kodi za pawa, zile zenye noti ya msingi chini na noti ya tano juu, kuanzia freti ya 3 ya uzi wa E. Majina ya kodi yatakuwa sahihi, ila mpangilio utakuwa umepinduliwa. Kwenye kodi ya pawa ya G, G iko chini na D iko juu. Kwenye rifu hii D iko chini na G iko juu, na hiyo G ya juu ndiyo inayoimba. Ukiipeleka chini, sikio linapoteza uzi wa melodia na kubaki na ngurumo.

Chanzo cha tatu kiko mkono wa pili. Ukikwangua nyuzi mbili kwa piki, kile kipande cha plastiki cha kuchapia, uzi wa D unalia kwanza halafu wa G unafuata. Tofauti ni ndogo mno, lakini disto, ule ukali wa sauti iliyokuzwa kupita kiasi, inaikuza, na unasikia mkwaruzo mwanzoni mwa kila noti. Blackmore rifu hii haipigi kwa piki. Anazichomoa nyuzi mbili kwa vidole kwa wakati mmoja. Jaribu: dole gumba kwenye uzi wa D, kidole cha shahada kwenye uzi wa G, kisha vibane vyote viwili kwa pamoja kana kwamba unataka kufinya. Noti mbili zinazaliwa papo hapo kama noti moja nene. Usiyeweza kuiacha piki, iache ipige uzi wa D huku kidole cha kati kikichomoa uzi wa G. Inachukua muda kuzoea, ila tofauti ya sauti utaisikia siku hiyohiyo.

Dalili: kuna uvumi nyuma ya noti, sauti imechafuka

Usikimbilie vitufe vya amplifaya. Fanya hivi kwanza: piga noti za freti ya 3, zikatishe ghafla kwa mkono wa kupiga ukizigusa nyuzi za D na G peke yake, kisha nyamaza usikilize. Kama kuna kitu bado kinalia, gusa uzi mmojammoja kwa ncha ya kidole: B, E nyembamba, A, E nene. Ule ambao ukiugusa uvumi unakoma ndio mkosaji. Jaribio hili linachukua muda mfupi kuliko kubadilisha nyaya, na mara nyingi linamkuta uzi wa A au wa B.

Uzi wa A unalia kwa sababu hakuna kinachouzuia. Ukilaza kidole cha shahada kwenye freti ya 3 kukamata D na G, kisogeze juu kidogo ili ncha yake iuguse uzi wa A kwa ubavu. Kuugusa tu, usiubonyeze. Uzi wa B na ule mwembamba wa E unazimwa na sehemu ya kidole hichohicho iliyobaki: kilaze kifunike nyuzi hizo, ila nguvu ya kubonyeza ibaki kwenye D na G. Kidole kimoja kinafanya kazi tatu. Kidole cha pete kwenye freti ya 5 kinafanya vivyo hivyo. Uzi mnene wa E unaweza kuuzima kwa dole gumba linalochungulia juu ya shingo, au kwa ukingo wa kiganja cha mkono wa kupiga.

Ikiwa nyuzi zote zimezimwa na uchafu bado upo, sasa tazama gaini. Watu huisikia rifu hii na kudhani ina disto nyingi. Isikilize tena ile raundi ya kwanza ambapo gitaa liko peke yake: unasikia kila uzi, na unasikia hata namna ulivyochomolewa. Teremsha gaini hadi uone aibu kidogo, kisha piga kwa nguvu zaidi kwa vidole. Ukali utoke mkononi. Gaini kubwa inafuta tofauti kati ya kupiga kwa upole na kupiga kwa hasira, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa rifu uhai.

Dalili: rifu inasikika kama mtu anayeongea bila kumeza mate

Hapa ndipo ugonjwa mkubwa ulipo. Noti zote zinafuatana zikiwa zimeungana, kila moja ikiendelea hadi inayofuata iisukume. Rekodi haiko hivyo. Noti ya kwanza inapigwa na kukatwa, ya pili inapigwa na kukatwa, ya tatu ndiyo inayoachiwa kidogo. Kati yake kuna vijiukimya, na vijiukimya hivyo ni sehemu ya mdundo sawa na noti zenyewe.

Kukata noti iliyobonyezwa ni rahisi: legeza kidole bila kukiondoa kwenye uzi. Uzi unainuka kutoka kwenye freti, unabaki ukigusa ngozi, unanyamaza. Wanaokosea huinua kidole kabisa, na uzi ulioachiwa huanza kulia ukiwa wazi. Ndiyo ile D na G isiyoalikwa inayosikika katikati ya noti. Kama unasikia "ting" ndogo kila unapohama freti, umeinua kidole mno.

Sasa linakuja tatizo la ile 0. Uzi ulio wazi hauna kidole cha kulegeza. Ukitaka kuukata lazima uende kuugusa, ama kwa vidole vya mkono wa shingo vikilala juu ya nyuzi bila kubonyeza, ama kwa kurudisha vidole vya kupigia juu ya nyuzi. Anayeanza hana nafasi ya kufikiria hayo, kwa hiyo 0 inaendelea kuvuma chini ya freti ya 3, na rifu nzima inakuwa uji.

Ndiyo maana ninapendelea ile njia ya pili kwa mwenye tatizo hili. Laza kidole cha pete kwenye freti ya 5 ya nyuzi za A na D. Piga. Legeza. Kidole cha shahada freti ya 3 ya nyuzi za D na G. Piga. Legeza. Kidole cha pete freti ya 5 ya D na G. Piga, acha ilie. Noti zote sasa zina mlango wa kufungia. Gharama yake ni kwamba kidole cha pete kinaruka kutoka nyuzi za A na D kwenda D na G, na mwanzoni kitatua vibaya. Kifundishe bila kupiga kabisa: mkono wa shingo peke yake, ukiruka na kutua, hadi macho yasihitajike.

Zoezi linaloonyesha kama umepona: piga rifu huku umezima amplifaya, kisha kati ya kila noti taja neno "kata" kwa sauti. Kama neno limepishana na mlio wa uzi, bado.

Dalili: mstari wa pili unachelewa, rekodi inakutangulia

Ukipiga peke yako unajiona sawa. Ukipiga na rekodi, mstari wa kwanza mnakwenda pamoja, wa pili unajikuta nyuma, wa tatu mmekutana tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Hili si tatizo la kasi. Tempo ya wimbo iko karibu na mapigo 112 kwa dakika, mwendo wa kutembea kwa haraka kidogo. Tatizo ni kwamba umeamini mistari yote mitatu inaanza mahali pamoja.

Hesabu mapigo manne, na kati ya pigo na pigo weka "na": moja na mbili na tatu na nne na. Rifu nzima inachukua vipimo vinne vya namna hiyo. Zilizo kwa herufi kubwa ndizo zinazopigwa:

Kipimo cha 1: MOJA na MBILI na TATU na nne NA
Kipimo cha 2: moja NA mbili NA TATU na nne na
Kipimo cha 3: MOJA na MBILI na TATU na nne NA
Kipimo cha 4: moja NA mbili na tatu na nne na

Itazame ile NA ya mwisho ya kipimo cha kwanza. Hapo ndipo mstari wa pili unapoanzia, nusu pigo kabla ya "moja". Noti yake ya pili inaangukia kwenye "na", ya tatu pia kwenye "na", na ni noti ya nne tu, C, inayorudi kutua kwenye pigo lenyewe, "tatu". Mstari wa kwanza unakanyaga mapigo, wa pili unapita katikati yake. Mpigaji asiyejua hivyo anasubiri "moja" ya kipimo cha pili, na papo hapo ameshachelewa.

Mstari wa tatu una mtego wake. Unaanza vizuri kwenye "moja", unakwenda hadi C kwenye "tatu", kisha B flati inaangukia kwenye NA ya mwisho na G ya kumalizia kwenye NA ya kwanza ya kipimo cha nne. Wengi huziburuta noti hizo mbili za mwisho kwa sababu wanahisi wimbo umekwisha na wanapumzika mapema.

Tiba: weka gitaa chini. Piga mguu kwenye mapigo manne, na piga makofi penye herufi kubwa tu. Mguu usiyumbe. Kama mguu unaufuata mkono kwenye zile "na", hujaipata bado, na hakuna kidole kitakachokusaidia. Makofi yakishakaa, chukua gitaa na upige mdundo huo kwenye freti moja, tuseme ya 5, bila kubadilisha noti. Zikija noti zenyewe, mkono wa kupiga utakuwa umeshajua kazi yake.

Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo, itumie kwa namna hii: mwanzo igonge mapigo yote manne kwa kasi ya 70. Baadaye iache igonge kwenye "mbili" na "nne" tu. Ukiweza kuupiga mstari wa pili ukiwa na mgongo huo mdogo wa kuegemea, rekodi haitakutangulia tena.

Dalili: mpangilio uko sawa, ila sauti zinaumana

Gitaa umelityuni, tyuna (kifaa cha kupimia sauti) imekubali, lakini noti mbili zikilia pamoja unasikia mawimbi, wau-wau-wau. Umbali huu wa nusu toni tano una siri: kwenye utaratibu wa kutyuni wa kawaida, unakaribia kabisa umbali wake wa asili, tofauti ikiwa kiasi cha senti 2, senti 100 zikiwa nusu toni moja. Kwa hiyo nyuzi mbili zilizo sawa zinapaswa kutulia hata chini ya disto. Mawimbi ya haraka yana maana kuna uzi usiokaa.

Piga D na G zikiwa wazi. Kama mawimbi yapo hapo, ni kutyuni tu, rudia. Kama ziko tulivu zikiwa wazi na zinaumana kwenye freti ya 3, chanzo kwa kawaida ni mkono: unabonyeza kwa nguvu mno, au unaulaza uzi pembeni bila kujua, na uzi unaovutwa unapanda sauti. Tumia nguvu kidogo kidogo hadi noti ianze kukwaruza, kisha ongeza kidogo sana. Hicho ndicho kiasi.

Na kama zinaumana zaidi kadiri unavyopanda shingo, linganisha mlio wa uzi ukibonyezwa freti ya 12 na ule mlio mwembamba wa kengele unaopatikana kwa kuugusa tu uzi hapohapo juu ya freti. Tyuna iseme vinalingana. Ikiwa noti iliyobonyezwa iko juu kuliko ya kengele, kile kitandiko cha uzi kwenye daraja kinahitaji kusogezwa nyuma, mbali na shingo. Ikiwa iko chini, kisogezwe mbele. Lakini kabla ya kugusa skrubu yoyote, badilisha nyuzi. Nyuzi zilizochakaa zinaleta dalili hizi hizi.

Dalili: umefanya yote, na bado mlio wako ni mwembamba kuliko wa rekodi

Hii si kasoro yako. Baada ya raundi ya kwanza ya gitaa peke yake, inaingia hai-hati (matoazi mawili ya dramu yanayogongana) na kinanda, kisha dramu nyingine, kisha besi. Kinanda hicho ni ogani ya Hammond ya Jon Lord, iliyopitishwa kwenye amplifaya za gitaa hadi ikawa na disto yake yenyewe, na kinapiga rifu ileile. Unene unaousikia ni wa vyombo viwili. Ukijaribu kuupata kwa gitaa moja utaishia kuongeza besi na gaini hadi uharibu kila ulichorekebisha hapo juu. Lipime gitaa lako na ile raundi ya kwanza tu.

Dalili: beti na kiitikio vinapwaya

Kwenye beti mkono unakaa G muda mrefu, unapita F na kurudi. Kiitikio kinakwenda C, kisha A flati, kabla ya kurudi nyumbani G. Hapa ndipo kodi za pawa zina haki yake, na wengi hupiga beti kwa kuziba nyuzi kwa kiganja.

Kama kuziba kunaua mlio kabisa na kubakiza "tuk tuk", kiganja kimekwenda mbele mno. Kirudishe hadi ukingo wake ukae juu kabisa ya daraja, mahali nyuzi zinapoanzia, kisha usogee mbele kwa unene wa uzi mmoja hadi upate mlio mfupi wenye noti ndani yake. Kama hakuna tofauti yoyote inayosikika, umekaa nyuma ya daraja. Na kama kuruka kwenda A flati kunakukwamisha, acha kuliangalia dole gumba likisafiri: mkono mzima uteleze kwenye uzi uleule, kutoka C ya freti ya 8 hadi A flati ya freti ya 4 ya uzi mnene wa E, umbo likiwa lilelile.

Dalili: kwenye solo, uzi unaovutwa haufiki

Solo ina mengi, ila kinachowaangusha wengi ni kuvuta uzi. Ukiwa kwenye skeli ya pentatoniki (ngazi ya noti tano) ya G maina, mkono freti ya 3, mvuto unaokutana nao sana ni wa uzi wa G, freti ya 5: noti ni C, na unaivuta toni nzima hadi D. Habari njema ni kwamba D hiyo ipo jirani, uzi wa B freti ya 3. Ipige kwanza, iache masikioni, ndipo uvute C hadi zifanane. Uzi wa B freti ya 6 ni F. Ukiivuta toni nzima inakuwa G, ile ya uzi mwembamba wa E freti ya 3. Usivute bila kujua unakokwenda.

Mvuto ukiwa chini ya lengo, angalia ni vidole vingapi vinafanya kazi. Kidole cha pete kikivuta peke yake kitachoka. Cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kwenye uzi huohuo, dole gumba lishike juu ya shingo, na nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kikizunguka, si kwenye vifundo vya vidole. Mvuto ukipita lengo, mara nyingi unavuta kwa pupa: nenda polepole na usimamie D.

Gitaa lenye daraja linaloelea lina tabia yake: ukivuta uzi mmoja, daraja linainama na nyuzi nyingine zinashuka sauti. Hilo si kosa lako, ila usiache uzi mwingine ulie wakati wa kuvuta. Na kama uzi hauirudii sauti yake baada ya kuachiwa, au unasikia "tik" karibu na vigingi, unakwama kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi juu ya shingo. Unga wa risasi ya penseli ukipakwa ndani ya mfereji wa nati unatosha kwa magitaa mengi.

Dalili ndogo ndogo

Mlio wa kukwaruza kwenye freti moja tu: kidole kiko mbali na chuma cha freti, kisogeze karibu nacho. Ukikwaruza kwenye freti nyingi bila kujali kidole kilipo, gitaa linahitaji fundi wa kurekebisha shingo.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida kwa mwanzo. Maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi siyo: acha kupiga siku hiyo, na ukirudi shusha mkanda wa gitaa wa begani au upandishe hadi kifundo hicho kisikunjike sana.

Ukipiga sawa polepole na kuharibika pamoja na rekodi, tumia programu inayopunguza kasi bila kushusha sauti. Anza kwenye asilimia 75. Usipande hadi mstari wa pili upite mara kadhaa mfululizo bila mguu kuyumba, kwa sababu ukiongeza kasi, huo ndio wa kwanza kuvunjika.